Kofia ya Kijiti

Kutwa nzima niko juu ya Kilindini,
ndani ya kibanda cha kioo cha kreni,
mkono wa kulia hauachi mtambo,
nainua makontena ya watu nisiowajua:
mchele, matairi, vigae vya choo.
Huko juu, kosa la nusu futi huandikiwa barua.

Usiku, Mikindani, dole gumba limevimba kama kaimati
na Mwanasiti ananiita:
"Baba, ndoo, zamu yako."

Gemu yenyewe ya mtumba,
imekuja na mikwaruzo yake na jina la mtoto mwingine
mgongoni, kwa wino usiofutika.
Kijiti chake kifupi,
kichwa kimelika kikawa laini kama tembe iliyokwisha kumumunywa.
Nikikisukuma, dole lateleza,
na askari wangu anajiendea mwenyewe hadi shimoni,
kimya,
kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Ni uzee," asema mwanangu.
"Ni kijiti," namwambia.

Jumapili nikatandaza gazeti sakafuni.
Wembe. Msasa. Gundi ya haraka.
Kwanza nikabandika kizibo cha chupa ya dawa ya macho:
kirefu mno, nikikigusa tu
askari anaruka kana kwamba kakanyaga kaa la moto.
Nikakibandua, na ngozi kidogo ya kidole ikabaki huko.

Kisha kipande cha tyubu ya baiskeli,
nilichopewa bure na Fundi Charo pale kona ya msikiti.
Hicho kilishika vizuri. Kilinuka pia.
Saa moja tu, dole jeusi
kama nimepiga kura vituo vyote vya Changamwe.

Mwisho nikaitazama ndara ya msalani,
ya kushoto.
Nikakata duara, upana wa kifungo cha shati,
nikalichimba katikati kwa ncha ya mkasi wa kucha,
kishimo kama cha bao, bao la mchwa labda.
Msasa. Puliza. Jaribu.
Msasa tena.
Mama Siti akapita na beseni la nguo:
"Bidii hiyo ungeshonea suruali yako."

Nikakivika kijiti kofia yake bila gundi,
ikabana yenyewe.
Dole likaingia kishimoni, likakaa,
kama mgeni aliyeonyeshwa kiti
baada ya kusimama khitma nzima.

Chanda chema huvikwa pete.
Langu limevikwa ndara ya chooni
na halijalalamika.

Usiku ule nilivuka daraja la tatu,
na la nne, ambalo sikuwahi hata kuliona,
askari akigeuka pale ninapotaka ageuke,
nami sikunji uso.
Mwanasiti hasemi kitu.
Halafu akanyosha mkono, akajaribu.
Kidole chake chembamba kikapwaya mle ndani,
kikagonga huku na huku kama njugu kwenye debe.

"Baba, umeiharibu."

Akaondoka. Nikasikia mlango wa msalani,
nikasikia mamake akiuliza nani anatembea pekupeku.
Akarudi na mkasi,
na ndara ya kulia.

Nikampima kidole kwa uzi.