Kipengele cha Tano

Barua yake ilikuwa mistari michache
nyuma ya risiti ya vifungo na zipu:
Mimi Syombua, fundi wa cherehani,
hapa nje, ukuta wenu ndio mgongo wa kibanda changu.
Nasikia mtafukua bomba la majitaka. Lini?

Mimi, katibu wa korti yetu hapa Buruburu,
niliisoma kwa sauti, Jumapili, sebuleni kwa Odera,
chai ikipoa, mandazi yakipungua.
Na tulimjibu. Haki ya Mungu, tulimjibu,
tena kwa adabu.
Kageha alisema Jumanne, saa mbili asubuhi.
Odera akaongeza: ahamishe meza hatua sita.
Githaiga alitaka tumwombe radhi mapema;
tukapiga kura, mikono kumi na minne juu,
nikaandika yote kwa wino wa buluu, kipengele cha tano,
nikabandika ubaoni, ndani ya geti,
mahali ambapo kila mwanachama hupita.

Kila mwanachama.

Jumanne majembe yalifika kabla redio haijamaliza habari.
Sare za shule, kijani, arobaini na mbili,
zilikuwa bado kwenye kamba
bomba lilipopasuka.
Nilimkuta ameshika sketi moja kwa ncha za vidole.
"Hamkunijibu."
"Tulikujibu."
"Wapi?"
Nikanyoosha kidole. Geti lilikuwa limefungwa;
Ekiru, bawabu wetu, huwafungulia anaowajua.

Usiku nilipekua kumbukumbu za miaka miwili.
Muuza maziwa, kuhusu kibali: amejibiwa.
Jirani wa korti ya pili, kuhusu mbwa: amejibiwa.
Amejibiwa, amejibiwa, mwandiko wangu ule ule,
nasi tukiitikiana kwa vichwa
kama mtu aliyejipigia hodi
akajikaribisha.

Sasa daftari lina safu mpya, nimeichora kwa rula:
Nani amempelekea.
Safu hiyo haijazwi na mtu aliyeketi.
Jana niliandika humo jina langu, nikavaa viatu,
nikatoka na kipengele cha tano, kimechelewa siku tisa,
na sabuni ya unga, kilo mbili.

Syombua alikisoma mpaka mwisho, hata sahihi,
akaikunja karatasi, akaigeuza,
akaanza kuchora juu yake kiolezo cha kola.
Sabuni alinirudishia.
"Zilishafuliwa," alisema,
mguu wake tayari kwenye kanyagio.