Tisa wa Katikati

Mwalimu Shaame alichora duara mbili ubaoni,
zikapandana kama nyayo za mtu aliyesita mlangoni.
"Huku, wanaotoka nyumba za karafuu.
Huku, wa mwani. Semeni kweli, leo hakuna fimbo."

Darasa letu la Tumbe, watoto arubaini.
Karafuu: mikono ishirini na miwili.
Mwani: kumi na saba.
Mkasi, mwenye haraka ya kila kitu,
akajumlisha kabla chaki haijatua:
"Thelathini na tisa! Amekosa mmoja tu!"
Lakini nyuma, kwenye dirisha lisilo kioo,
walikaa watu kumi ambao hawakuinua hata kidole.

"Kuna vichwa vimehesabiwa mara mbili,"
mwalimu akasema, "navyo vinajijua."
Tukasimama tisa.
Kucha zangu nyeusi kwa vikonyo,
viganja vimechanika kwa kamba za mwani.

Toa tisa, akaandika. Mara moja.
Thelathini kati ya arubaini, robo tatu:
ndiyo nafasi ya jina la karafuu au la mwani
kutoka ndani ya kopo hili la maziwa.
Akalitikisa, akachomoa:
Faki Mbarouk, ambaye baba yake huchimba visima.
Tulicheka mpaka darasa la jirani wakachungulia.
"Robo tatu si ahadi," akasema, naye mabega yanamtikisika.

Mimi nilibaki na lile neno, mara moja.

Wiki moja kabla ya Idi,
baba, huko Konde, akigeuza karafuu jamvini,
alisema nguo atanunua mama, si mwani umelipwa?
Mama, huku Tumbe, maji yamemfika magotini,
alisema nguo atanunua baba, si karafuu imezaa?
Kila mmoja alinitoa kwake
kwa kuwa nimo kwa mwenziwe.

Usiku nikachana karatasi mbili daftarini.
Moja nikamkabidhi muuza mikate wa baiskeli, aifikishe Konde.
Moja nikaiweka chini ya kikombe cha mama.
Maneno yalikuwa yale yale:
*Mmenitoa mara mbili.
Kanuni inasema mara moja.*

Asubuhi ya Idi yakafika magauni mawili.
La baba lilinibana kwapani,
nikalivaa hivyo hivyo mpaka adhuhuri,
kisha nikavaa la mama, refu, la kukulia.
Hesabu yao ilikuwa imekosewa tena.
Sikuwasahihisha.