Jiwe Linalokopesha

Alfajiri, Ostrava. Theluji
imeshakuwa ya kijivu kabla haijagusa chini.
Zdislava Hrubá anafungua tanuru
lililokesha peke yake kwenye nyuzi mia saba.
Ndani ya kikombe cha kauri, kijiko kimoja cha unga:
lanthani na manganizi,
zilizookwa mpaka zikakubali kuishi chumba kimoja.

"Mweusi," asema Radovan, mwanafunzi,
miwani imemfuka ukungu.
"Cheusi kitafutaje cheusi?"

Masizi, anamjibu, ni moto ulioishia njiani.
Tone la petroli lilirushwa ndani ya silinda,
likakosa muda wa kuwa mvuke,
likaungua nusu.
Nusu iliyobaki inadai nyuzi mia sita,
na gari la kwenda kununua mkate
halifiki huko.

Ndipo anapokuja mshenga.
Hali pilau ya harusi, halali nyumba ya bibi harusi,
ila bila yeye hakuna aliyebisha hodi.
Na kwa kuwa katika bomba lile oksijeni ni haba,
jiwe hutoa ya kwake, kutoka mbavuni,
hulipa masizi yaondoke,
kisha hungoja.
Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema;
hili hudai polepole,
pumzi kwa pumzi, pindi dereva
anapoinua mguu.

Kwenye kioo mstari unapanda.
Mia nne na kumi.
Radovan anapiga makofi.
Zdislava hapigi.
Sampuli ya wiki jana nayo ilipanda hivihivi,
salfa ikaiua mzunguko wa tatu.

Baba yake, Bohumír, alichimba makaa miaka thelathini na mmoja.
Leso zake mama alizichemsha kila Jumamosi
kwa sabuni, kwa magadi, kwa hasira.
Hazikuwahi kurudi nyeupe.
Alipokufa zilikutwa kumi na nne, zimepigwa pasi.

Saa tisa, uani, gari jekundu la maabara linanguruma.
Wamelivisha chujio lenye unga ule.
Anasubiri bomba lipoe,
anazungushia kidole leso, moja ya zile,
anakiingiza, anakizungusha, anakitoa.

Kijivu.
Si nyeupe. Kijivu, kama theluji ya leo.

"Tuandike nini?" auliza Radovan.
Anaikunja mara nne,
doa likiwa ndani,
anaitia mfukoni.
"Andika mia nne na kumi.
Kesho tupunguze salfa."