Arobaini na Moja kwa Arobaini na Moja

Daftari ninalo mimi, msimtafute mwingine.
Jalada limeliwa na mende pembeni,
lakini ndani wino wa bluu umeshika,
na kila pointi ya Klabu ya Nyuzi, Tanga,
ina kijiti chake, mkono wangu:
Mwasiti binti Hemedi, mhesabu pointi.
Nililipwa soda moja kwa mechi.
Siku tukifungwa, sikulipwa.

Uwanja ulikuwa nyuma ya kiwanda, njia ya Pongwe,
saruji yenye ufa kutoka mstari wa kati
hadi goli la mashariki.
Wageni walijikwaa. Wetu waliuruka
kama mtu arukavyo kizingiti cha kwao usiku bila taa.
Nyavu hatukununua. Akina mama wa chumba cha kusokota
walizisuka kwa katani ya daraja la tatu,
ngumu, ya manjano, inayochoma vidole,
na mpira ukipita ulisema "kwaruu",
nasi tukajua: mbili.

Kocha alikuwa Shembilu, fundi mitambo.
Alisomea Urusi, mji wa barafu ambao jina lake
kila mmoja wetu alilitamka kivyake.
Huko alikalia benchi la klabu ya kiwanda cha matairi,
jezi namba kumi na nne.
Msimu mzima alicheza dakika sita,
na dakika hizo sita alitusimulia miaka kumi na moja.
"Davai!" alipiga kelele, tukadhani ni tusi,
mpaka watoto wa Makorora wakaliokota
wakawa wanaswagia mbuzi.

Barua ilikuja mwaka ule mishahara
ilipoanza kutoka nusu nusu.
Rafiki yake Gennadi aliandika:
klabu yao imebadilishwa jina, kisha jina tena,
ikauzwa pamoja na madeni yake,
ikahamishiwa mji usioijua,
kisha hakimu akagonga meza, ikafutwa.
Vikombe vilipigwa mnada kwa kilo.
Shembilu alitutafsiria polepole, pale benchini,
akaikunja barua mara nne, akasema:
"Angalau wao walisomewa hukumu."

Maana yetu haikusomwa.
Hakuna aliyetamka kwamba Nyuzi imekufa.
Kwanza basi la Korogwe lilikosa dizeli.
Kisha jezi zikabaki saba,
anayetoka anavua, anayeingia anavaa jasho la mwenzake.
Kibaja akaenda kupakia mizigo Mombasa,
Salehe Mngazija akaoa Pemba, akanyamaza,
na Jumatano moja nikafika na daftari langu,
nikamkuta mlinzi peke yake na funguo.
Akaniuliza, "Leo kuna nini?"

Mchezo wa mwisho ulikuwa na vijana wa Chumbageni.
Vijiti arobaini na moja huku, arobaini na moja kule,
zimebaki sekunde tisa, Kibaja yuko hewani,
umeme ukakatika.
Mpira tuliusikia. Uligonga ubao,
ukazunguka chuma,
ukazunguka,
halafu "kwaruu":
ama wavu, ama kokoto chini ya kiatu cha mtu.
Chumbageni mpaka leo wanasema kiatu.
Tukaahidiana kumalizia Jumamosi.

Sasa pale wanafyatua matofali.
Nguzo moja ingalipo, imeinama kama mtu anayesikiliza;
juzi nimemwona fundi ameitundikia shati.
Shembilu tulimzika Muheza, msimu wa machungwa.
Nilipeleka filimbi yake, wanawe wakanirudishia.

Na wiki hii amekuja kijana wa chama cha mkoa,
anaandika historia, ana fomu,
na fomu ina nafasi mbili tu:
walishinda, walishindwa.
Nikamfungulia ukurasa.
Tazama hapa, mwanangu, upande wa Nyuzi,
baada ya kijiti cha arobaini na moja:
kuna doa dogo la wino,
si kijiti, wala si kosa.
Gizani, kabla sijajua,
nilikuwa nimeanza kuandika.