Fundo la Katikati

Bi Somoe wa Tandahimba hana kibao mlangoni.
Ana mkeka, sufuria,
na mafuta ya ufuta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

"Mzazi," anasema, "hukandwa kwa kitambaa na maji ya moto,
tumbo lirudi nyumbani.
Mteguko huchuliwa kwa dole gumba, polepole,
kama unamnyatia kuku asishtuke.
Kichanga unampaka, kisha unakutanisha
mkono wa kulia na mguu wa kushoto,
visalimiane.
Wewe je?"

Nikamwambia: pampu.
Tangu Juni nimebeba pampu ya salfa,
mikorosho mia mbili, alfajiri, kabla ya upepo.

Akachovya. Viganja vikashuka na joto lao,
vikapanda, vikabisha hodi kando ya uti wa mgongo.
Mabega yakalegea. Kiuno kikalegea.
Nikapiga mwayo hadi machozi.
Kisha dole likasimama.

"Pampu ina mikanda miwili," akasema,
"kulia, kushoto.
Hili fundo liko katikati."

Nikanyamaza.
Akakandamiza.

"Kangomba," nikauambia mkeka.
"Magunia sita. Nimeyauza yangali maua.
Asumini hajui."

Hakuguna. Hakuniita mjinga.
Mikono ilishika njia ile ile, juu, chini,
ikalisaga lile fundo
mpaka likawa nyama kama nyama nyingine.

Elfu tatu. Akanifunika kanga ya zamani.

"Usioge maji baridi leo," akasema,
"na usilale hujamwambia."