Safu ya Mengineyo

Mchana napima misumari dukani Chavakali,
robo kilo, nusu kilo, ya mabati, ya mbao,
na mteja akisema ongeza, naongeza mmoja.
Saa tatu usiku, watoto wakishalala
na mke wangu Imali akigeukia ukutani kuukwepa mwanga,
nafungua kompyuta niliyoinunua ikiwa tayari na ufa,
bando la shilingi hamsini, chai ya rangi,
naendelea na kile kitu changu.

Ni programu ya matanga.
Usicheke. Huku kwetu, boma juu ya boma,
haipiti wiki bila mtu kuchangiwa,
na deni la msiba halina risiti:
nilikuja kwako, uje kwangu.
Mweka hazina wetu, Kageha mshonaji,
huandika yote katika daftari la kurasa mia mbili
lililofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.
Mvua ya Aprili ilipolilowesha
wino ukahama, na mia tano za Lugadiru
zikaonekana upande wa Kisia.
Wakanuniana hadi mahindi yakakomaa.

Nikasema: hapo. Hapo pana kazi.

Miezi saba. Sijui kwa nini naihesabu kama mimba.
Usiku mmoja jumla ilikataa,
ilipungua shilingi moja, moja tu,
nikaisaka hadi jogoo wa kwanza.
Kumbe niliandika *zaidi ya moja*
pale nilipotaka *kuanzia moja*:
mtu wa shilingi moja nilikuwa nimemfuta.
Nilicheka peke yangu jikoni
kama mwizi aliyefungiwa ndani.

Ikawa tayari mwezi wa nane. Hapo nikagundua
jambo ambalo sikufundishwa popote:
programu yangu ilikuwa inangoja mtu afe.
Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna.
Nilimsikia Aligula akikohoa kanisani
nikainamisha uso kwa aibu.

Akafa ambaye hatukumtarajia, Asava, fundi wa baiskeli,
yuleyule aliyekata ule ukanda wa daftari.

Nikakaa chini ya turubai, simu mkononi, chaji tele.
Wa kwanza: mia mbili. Nikabonyeza. Ikaingia.
Wa pili: elfu moja, ya dada aliyeko Eldoret. Ikaingia.
Wa tatu akaleta jogoo.
"Andika," akasema.
Sehemu ya kiasi niliijenga ipokee tarakimu tu.
Jogoo akanitazama kwa jicho moja.
Nikaandika sufuri.
Akaja wa kuni, mizigo miwili. Sufuri.
Akaja Mmbone, mikono mitupu,
ambaye angeteka maji siku tatu kutoka bondeni.
Sufuri, na jumla ikawa sahihi kabisa.

Kageha hakunisuta. Alitoa daftari kikapuni
akanionyesha, kando ya kiasi, safu nyembamba
ambayo miezi yote saba nilidhani ni pambizo:
*maharagwe, gorogoro moja.*
*alichimba.*
*viti sita, kimoja kibovu.*
*alilala na mjane siku mbili.*
*alichelewa, lakini alikuja.*

Usiku tena. Imali amegeukia ukutani.
Naongeza safu ipokee maneno,
herufi mia mbili. Hapana, nafuta kikomo.
Lililobaki ni namna ya kuijumlisha,
na sijui. Kageha pia hajui.
Yeye huisoma tu kwa sauti siku ya kuvunja matanga,
polepole, mstari kwa mstari, watu wamenyamaza.

Chaji asilimia tisa. Saa moja asubuhi kuna lori la saruji.
Najaribu kwa jina moja:
Asava. Kiasi, naacha wazi. Mengineyo:
ukanda mmoja wa mpira.
Bado haujakatika.