Suruali ya Gwamaka

Wiki ya kwanza ya Desemba alisema mguu wa kushoto mfupi.
Wiki ya pili, wa kulia.
Siku tatu baadaye kiuno kimefumuka,
"kimejifumua chenyewe, Tusekile, nikiwa nimelala,"
na maji ya mvua yanamchuruzika puani,
maana Tukuyu mwezi huo hakuna kikavu
isipokuwa mkaa wa bei ghali.

Mimi nilikuwa pembeni, kwenye vifungo vyangu.
Mshona vifungo haulizwi kitu, ila anaona:
mtu anakaa kwenye benchi mpaka chai ipoe,
fundi anapima kiuno kilekile mara ya saba
na kuandika namba ileile kwa chaki, taratibu,
kama anayeandika barua.

"Hii ndiyo ya mwisho," Tusekile akamwambia.
"Kesho Krismasi. Ikichanika tena, vaa gunia."
"Kesho napiga tarumbeta mbele ya usharika mzima."
"Basi tunza pumzi, acha maneno."

Usiku umeme ukakatika, kama desturi ya mkesha.
Ukungu ukashuka kutoka Rungwe, ukaingia bila hodi.
Fundi akasinzia juu ya magauni ya watoto wa watu.
Na cherehani, ile nyeusi ya bibi yake,
yenye miguu ya chuma na tabia ya kukohoa,
ikaanza kujikanyaga.

Sikuota. Nilikuwa nimekunywa chai tupu.
Pedeli ilipanda, ikashuka,
uzi mwekundu ukajitunga wenyewe sindanoni,
nami nikajifunika kitenge cha mteja, nikaiacha.
Kuna kazi hazitaki msaidizi.

Gwamaka aliichukua suruali alfajiri, gizani, akaivaa mbio.
Saa tatu bendi ikaingia kanisani,
yeye mstari wa mbele, kifua mbele,
na nyuma yake usharika mzima ukisoma,
maana pale mtu anapokalia
palitariziwa kwa herufi kubwa, nyekundu:
NAIFUMUA MWENYEWE KWA WEMBE ILI NIRUDI.

Besi ndio walioanza kucheka.
Mzee wa kanisa alisoma mara mbili, ya pili na miwani.
Gwamaka akageuka ajue kuna nini;
waliokuwa hawajasoma nao wakasoma.
Tusekile akasimama kuapa,
"Si mimi! Ni cherehani!"
na aliposimama, mama Subilaga wa benchi la nyuma
akaisoma kola ya gauni lake
kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe:
NAMI NILIUPUNGUZA MGUU MAKUSUDI.

Hapo tarumbeta ikatoa mlio
usiomo katika kitabu chochote cha nyimbo,
kitu kati ya ndama na mlango.
Mchungaji, mtu wa busara na njaa,
akasema amani iwe nanyi, akaruka hadi kwenye sadaka.

Mahari ilizungumzwa Januari, matope yakiwa bado mabichi.
Cherehani ilipakwa mafuta mapya. Ilinyamaza
kama isiyojua kusoma.

Na mimi? Yupo kijana wa maparachichi, Anyitike,
anayenichagulia yaliyoiva na kusahau kudai hela.
Mkesha wa mwaka huu nimetandika blauzi yangu chini ya sindano,
nikazima taa mapema, nikajifanya nakoroma.

Imekohoa.
Imenishonea kifungo kimoja.
Na wala hakikuwa kimetoka.